Mtunzi wa Jazi Asiye na Kampuni Anavyoweza Kutambulika Akiwa Kisumu

Msanii anayetunga na kuimba nyimbo zake zenye ladha ya jazi, asiye na kampuni ya kumlipia studio wala meneja wa kumtafutia majukwaa, huambiwa mapema sana kwamba Kisumu si mji wake na kwamba apande basi aende Nairobi. Nimeimba katika hoteli na kumbi za mji huu kwa muda wa kutosha kuona kwamba kuhusu fedha ushauri huo una ukweli kiasi, lakini kuhusu wasikilizaji hauna. Msikilizaji wa huku ziwani amelelewa na benga, muziki wa magitaa wa Waluo, na benga imemzoesha kusubiri zamu ya ala, jambo ambalo ni nusu ya kazi ya kusikiliza jazi.

Sikiliza upya rekodi za D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, au za Victoria Jazz, ambazo licha ya majina yao ni bendi za benga. Mwimbaji husimulia kisa chake, huwataja watu kwa majina, kisha sauti hunyamaza na magitaa huchukua wimbo kwa kasi, na hapo ndipo ukumbi mzima husimama. Kwa hiyo, ukiwa na mpiga saksafoni au kinanda anayebuni papo kwa papo, usimbane katikati ya beti mbili kwa sababu tu ndivyo ulivyosikia katika rekodi za Marekani. Maliza kisa chako kwanza, kisha mwachie wimbo aupandishe hadi uishe. Nilipoanza kuzipanga nyimbo zangu kwa utaratibu huo, meza zilizokuwa zikipiga soga wakati wa saksafoni zilianza kugeuza viti kuelekea jukwaani. Besi nayo usiipunguze. Wapiga besi wa huku wamezoea besi inayotembea na kusikika, na ni afadhali utunge wimbo unaoihitaji besi hiyo kuliko kumfundisha mtu mzima kupiga kama mgonjwa. Wa kuzungumza naye kwa upole ni mpiga dramu: mnunulie brashi za kupigia dramu kwa ulaini, kwa kuwa kumbi nyingi za hoteli zina sakafu ya vigae na kuta tupu, na vijiti vya kawaida vitayafunika maneno yako yote.

Maneno yenyewe yanahitaji uangalifu zaidi ya akodi, yaani noti zinazopigwa pamoja kuusindikiza wimbo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali melodia nyingi tulizojifunza kwa kuiga nyimbo za Kiingereza huweka noti ndefu na nzito kwenye silabi ya mwisho kabisa, na matokeo yake ni Kiswahili kinachosikika kama kimeimbwa na mgeni. Dholuo, lugha ya Waluo, nayo ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, hivyo melodia ikipanda mahali neno linaposhuka, bibi aliyekaa mstari wa mbele ataukunja uso kabla hujafika kwenye kiitikio. Mimi husoma mashairi kwa sauti ya kawaida, nikajirekodi kwa simu, ndipo nitafute melodia ndani ya usemaji huo. Nyimbo zinazozaliwa hivyo huwa na mdundo ambao mtu wa mji mwingine hawezi kuunakili kwa urahisi, na nadhani huo ndio utambulisho ambao wengi huutafuta kwenye mavazi. Mwimbaji Suzanna Owiyo, ambaye si wa jazi, alifahamika mwaka 2001 kwa wimbo alioimba kuhusu Kisumu yenyewe, mji ulipokuwa ukiadhimisha miaka 100.

Kuhusu majukwaa, msimamizi wa hoteli atakuomba rumba na nyimbo ambazo wageni wanazijua, na hana kosa, kwani anauza chakula. Kubali, ila uombe usiku mmoja maalumu katikati ya wiki, ule ambao yeye mwenyewe ameukatia tamaa, kisha uwe hapo kila wiki na wanamuziki walewale. Nyimbo zako ziingize baada ya sahani kuondolewa, mbili au tatu zikiwa zimezungukwa na zile zinazojulikana, na kabla ya kila moja taja jina lake na useme kwamba ni utunzi wako. Inashangaza jinsi waimbaji wengi wanavyoimba kazi zao kimyakimya kama wanaoficha deni. Malipo yakubaliwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu, na sehemu yake itumwe kabla ya siku yenyewe. Siku ya Kimataifa ya Jazi, ambayo UNESCO iliitenga na huadhimishwa kila tarehe 30 Aprili, ni sababu nzuri ya kuomba jukwaa kubwa zaidi, lakini peleka ombi mwezi Februari, kabla hoteli hazijapanga matumizi yake.

Kurekodi, rekodi asubuhi. Mvua ya Kisumu hupenda kunyesha alasiri, na paa la mabati halina huruma.

Kabla wimbo haujatoka, andikeni karatasi inayoonyesha nani ametunga nini na kila mmoja atapata asilimia ngapi, kisha wote mtie sahihi. Nchini Kenya hakimiliki hudumu kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo ugomvi mnaouahirisha leo mtawaachia watoto wenu. Hakimiliki huwapo hata bila usajili, lakini cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hurahisisha ushahidi pakitokea mzozo. Katika Skiza, huduma ya Safaricom ya nyimbo ambazo anayepiga simu husikia akisubiri kupokelewa, marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki yaliyofanywa mwaka 2022 yalimpa mwenye kazi sehemu isiyopungua asilimia 52, basi soma mkataba wa yeyote anayejitolea kukuwekea wimbo huko. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, nayo tangu 2024 hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Kwa msanii mwenye wasikilizaji wachache hili hubadilisha hesabu yote: albamu ya nyimbo kumi inaweza isikuletee hata senti, ilhali wimbo mmoja ambao kila mgeni wa usiku wako wa wiki ametumiwa kiungo chake unaweza kuvuka mpaka huo.

Nairobi ikikuita, na huita kwa kuchelewa, uliza mambo matatu kabla ya kufurahi: nauli, malazi, na muda wa kupima sauti. Waandaaji wengi hupenda kumlipia mwimbaji peke yake na kumpa wanamuziki wa huko, ambao mara nyingi ni hodari kuliko wetu katika kusoma akodi lakini hawajui mahali benga inapogeuka. Sisitiza mpiga besi wako awe kwenye bajeti, hata kama itabidi upunguze malipo yako kidogo, na hao wengine uwatumie akodi pamoja na rekodi ya jukwaani wiki moja kabla.