Mota kwenye mountain bike ya kaboni

Kufunga mota ya umeme kwenye mountain bike yenye fremu ya kaboni inawezekana, ila weka mota ya kati, ile inayokaa kwenye krenki (pale pedali zinapozungukia), usiweke ya kwenye gurudumu. Ya gurudumu inasukuma ekseli kinyume kwa nguvu sana na kaboni ya pale ekseli inapokaa haikutengenezwa kubeba huo msokoto, inapasuka, halafu mountain bike nyingi za sasa zina ekseli ya kupenya (inayopita katikati ya gurudumu na kufungwa kwenye fremu) ya mm 12 na hizo mota nyingi haziingii kabisa. Kabla hujanunua chochote pima tundu la fremu krenki inapopita, maana mota ya kati kama Bafang BBS02 imetengenezewa tundu lenye nyuzi za skrubu na upana wa mm 68 hadi 73, na fremu nyingi za kaboni zina tundu pana la kugandamiza lisilo na nyuzi, hapo utahitaji adapta na mota yenye shafti ndefu zaidi. Angalia pia kama chuma cha mota hakigusi fremu karibu na cheni, kaboni ikisuguliwa inaliwa polepole. Betri nayo isining'inie kwenye bolti mbili za kishikio cha chupa ya maji tu, ongeza mkanda wenye mpira chini yake, na usikaze sana. Waranti ya fremu ndo uisahau.