Kabla hujasaini, uliza nani atakaa kiti cha nyuma

Mwezi uliopita nilifanya usaili wa walimu sita walioomba kufundisha Kiingereza kwenye chuo chetu cha lugha hapa Moshi. Mwishoni nilimpa kila mmoja nafasi ya kuuliza swali, na wote sita wakauliza mshahara. Siwalaumu. Kodi ya chumba Rau au Soweto hailipwi kwa wito. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mimi leo ningelianza nalo: miezi mitatu ya mwanzo, nani atakuja kukaa nyuma ya darasa langu, na akitoka hapo tutapata muda gani wa kuongea?

Na mimi sikuliuliza. Naliandika hapa kwa ajili ya mlio na shahada ya ualimu mkononi na mnazunguka mjini na bahasha za kaki.

Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa mdomo tu. Mwenye chuo alinipa mkono, funguo na rundo la vitabu vya kutolewa kopi, akasema, "Ticha, Jumatatu unaanza, vipindi 25 kwa wiki." Kila kipindi saa moja. Nikajisemea, saa 25, mbona mteremko! Wiki ya tatu nikakaa chini na kalamu. Kila kipindi kilikuwa kinanila dakika 40 za maandalizi, kwa hiyo 25 mara 40 ni dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40. Kusahihisha insha, saa tano. Ukijumlisha zote unapata saa 46 na dakika 40. Nilikuwa nalipwa 25.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na ukizidisha hapo ni muda wa ziada unaolipwa mara moja na nusu. Inamtaka pia mwajiri akuandikie masharti ya kazi yako, na likizo ya mwaka ni siku 28. Sikuyajua hayo, na hata ningeyajua sidhani kama ningegombana na mtu kwa saa moja na dakika 40. Kilichoniuma ni kwamba maandalizi hayakuhesabiwa kuwa kazi, ilhali yalidaiwa. Kila Ijumaa mwenye chuo alitaka andalio la somo mezani kwake, akaligonga muhuri bila kulisoma. Siku moja nikapeleka la wiki iliyopita, nimebadilisha tarehe tu. Likagongwa. Nikaendelea hivyo mwezi mzima, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu, kwa sababu waliokuwa wanapunjwa ni wanafunzi.

Kwa hiyo ukiambiwa "tunategemea walimu wetu wajitume," uliza kwa upole: kujituma huko ni saa ngapi, na zipi zinalipwa? Mwajiri mwenye nia njema atakuwa na jibu. Asiye nalo atakuambia habari za familia moja.

Kwa Moshi kuna swali jingine ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulifikiria, nalo ni la mlima. Wanafunzi wetu wengi ni wagumu, hao ambao vitabuni wanaitwa wapagazi, na wanaotaka kupanda cheo wawe waongozaji. Masika ya Aprili na Mei watalii wanapungua, wagumu wanashuka mjini na madarasa yanafurika hadi tunaazima viti. Ikifika Julai wako juu, Machame au Marangu, na darasa la watu 20 linabaki na wanne: wauguzi wawili, mwanafunzi wa Chuo cha Ushirika na mama mmoja anayejiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Ukiwa unalipwa kwa kipindi, Julai utakula nini? Nimeona walimu wazuri wakiacha kazi Agosti kwa sababu hiyo tu. Omba idadi ya chini ya vipindi iandikwe, hata kama ni 12, na uulize miezi mikavu unaweza kupewa kazi gani nyingine, kama kutunga mitihani ya kupima viwango.

Sasa kiti cha nyuma.

Chuo cha pili kilikuwa ghorofani, si mbali na Double Road. Mtaaluma wake, yaani msimamizi wa masomo, alikuwa mama mtu mzima, mstaafu wa sekondari, sote tukimwita Mama Mtaaluma, na shikamoo yake ulikuwa huikwepi hata ukiwa umechelewa. Wiki yangu ya pili aliingia darasani na kiti chake cha plastiki, akakiweka karibu na dirisha, akafungua daftari. Jasho likanitoka. Sisi walimu tumelelewa hivyo: anayekaa nyuma amekuja kutafuta kosa. Tangu mazoezi ya kufundisha, siku mkufunzi anapokuja ndiyo siku manila zinatoka kabatini, na wanafunzi wameshaonywa.

Ilikuwa Aprili, mvua inapiga bati, mbele yangu wagumu 14. Somo lilikuwa tofauti ya "mustn't" na "don't have to". Nikaona niwaletee mfano wa kwao, nikaandika ubaoni: "You don't have to carry more than 20 kilos." Kilo 20 kila mgumu anazijua, maana ndicho kikomo cha mzigo na mizigo hupimwa getini kabla ya kupanda. Nikauliza, "Understand?" Wakajibu, "Yes, madam!" kwa sauti iliyoishinda mvua. Nikaendelea na zoezi, roho kwatu.

Baada ya kipindi Mama Mtaaluma alinipa karatasi. Ilikuwa na vistari vidogovidogo, vimefungwa vitanovitano, na chini yake sifuri.

"Hivi ni mara ulizowauliza kama wameelewa," akasema. "Kumi na tisa. Na hiyo sifuri ni mara walizokujibu hapana."

Kisha akamwita kijana mmoja aliyekuwa bado anavaa koti la mvua mlangoni. "Kaka, ile sentensi ya kilo 20 inasemaje?"

"Inasema ukizidisha kilo 20 askari anakurudisha, mama."

Ndiyo sheria ya mlima. Lakini sentensi haikusema hivyo. Ilisema si lazima kubeba zaidi ya kilo 20, yaani ukipenda, beba. Kijana hakuwa amesoma Kiingereza changu hata kidogo, alisoma kazi yake. Na kosa lilikuwa langu mara mbili: nilichagua mfano unaopingana na wanachokijua, halafu nikauliza swali ambalo mwanafunzi wa Kitanzania mwenye adabu hana njia ya kulijibu isipokuwa ndiyo. Nani atamwambia mwalimu mbele za watu kwamba hajaelewa?

"Kesho," akasema, "waulize hivi: kwa sentensi hii peke yake, nikibeba kilo 22, nimevunja sheria? Wakijibu, waulize wamejuaje."

Tukakaa ngazini na chupa ya chai, dakika 20. Hakunipa alama. Na hizo dakika 20 zilikuwa kwenye ratiba, Jumanne saa tisa alasiri, na zililipwa kama kipindi. Hapo ndipo nilipojua chuo hiki kina maana yake kikisema kinawaendeleza walimu. Vyuo vingi vikisema hivyo vinamaanisha semina moja Desemba, na soda.

Kama chuo chako hakina mtu wa namna hiyo, usisubiri. Wenzetu wa shule za serikali wana MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu wa shule moja wanakutana kujadili mada ngumu na kufundishana. Sisi wa vyuo vya lugha tunapaswa kujipangia. Tafuta mwenzako mmoja unayemwamini, mtembeleane darasani mara moja kwa wiki mbili. Kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja tu la kutazama: nani hajaongea leo, maelekezo yangu yalieleweka mara ya kwanza, ubao wangu unasomeka kutoka nyuma? Ukimwambia "niangalie tu" atarudi na "ilikuwa nzuri, mwalimu," na hiyo haimsaidii mtu.

Simu nayo inatosha. Niliwahi kurekodi sauti ya kipindi changu cha dakika 60, baada ya kuwaomba ruhusa wanafunzi, nikaisikiliza jioni naosha vyombo. Mimi peke yangu nilikuwa nimeongea dakika 41. Watu 14 waliolipa ada ili waongee Kiingereza walikuwa wamegawana 19 zilizobaki.

Kuhusu vyeti, naulizwa sana. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ina saa 120 za mafunzo, na ndani yake kuna saa sita za kufundisha watu wazima halisi huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika. Ukiziondoa saa hizo sita, thamani yake nyingi inaondoka. Ni ghali, sitakudanganya. TKT, ya Cambridge pia, ni mtihani wa maarifa ya ufundishaji: kila moduli maswali 80 ya kuchagua kwa dakika 80, hakuna kufeli, unapewa daraja kuanzia 1 hadi 4. Inakupanga kichwa, inakupa majina ya vitu unavyovifanya kila siku, lakini haikuoni ukifundisha. Na kile cheti cha intaneti unachokipata wikiendi moja bila mtu yeyote kukuona mbele ya wanafunzi, mimi kwenye usaili nakisoma kwa heshima na kukirudisha kwenye bahasha.

Chuo kikikuahidi kukulipia kozi, taka maandishi. Mimi niliahidiwa, "ukitimiza mwaka tunakupeleka." Nikatimiza, uongozi ukabadilika, na aliyeahidi akawa hayupo. Upande wa pili nao una mtego: chuo kinalipa kweli, lakini unasaini kukitumikia miaka mitatu, na ukiondoka mwezi wa 35 unadaiwa fedha yote. Omba deni lipungue kadiri unavyofanya kazi. Ni ombi la kawaida kabisa, na sijawahi kuona mtu akinyimwa kazi kwa kuliomba.

Jambo ambalo walimu tunalikwepa ni Kiingereza chetu wenyewe. Nilifundisha watu IELTS kwa miaka minne kabla ya kuifanya, kwa woga mtupu wa kupata alama ndogo kuliko wanafunzi wangu. Nilipoifanya, kwenye kuandika nikapata 6.5, na kuna muuguzi wangu mmoja alishapata 7. Nilinyong'onyea wiki nzima. Kisha nikaanza kuandika ukurasa mmoja kila Jumapili na kumpa mwenzangu ausahihishe kwa kalamu nyekundu. Ukiwa mwalimu unasahau kalamu hiyo inavyouma, kwa hiyo siku hizi nyekundu siitumii kwa mtu.

Niseme na hili la wazungu wa kujitolea, maana Moshi wako wengi na walimu wananung'unika kwamba wanafunzi wanawakimbilia. Wengine ni walimu hodari. Wengine wamekuja kupanda mlima, wakabakiwa na wiki tatu. Matamshi wanayo, ila mwanafunzi akiuliza kwa nini anachanganya "he" na "she", wewe ndiye unayejua kwamba Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja tu. Wewe ndiye unayejua kwa nini mgumu anamwambia mtalii aliyejikwaa "sorry", na mtalii anashangaa huyu anaomba radhi ya nini, kumbe ni pole tu. Ingieni darasani pamoja. Mwambie akuazime sikio, wewe umwazime maelezo.

Na sisi tunaoajiri tunategemea nini? Kwa upande wangu ni machache. Uwepo dakika kumi kabla, maana mwanafunzi aliyetoka Pasua kwa miguu hapaswi kukuta mlango umefungwa. Kazi za kuandika zirudi ndani ya wiki. Ukiumwa, mwambie mwenzako kabla ya saa moja asubuhi, usisubiri mwanafunzi anipigie. Suti sina haja nayo. Andalio la somo nalitaka nusu ukurasa, na nalisoma.

Kati ya wale sita nilimchukua mmoja, kijana aliyeniambia kwenye usaili kwamba darasa lake la mazoezi lilimshinda, na akaeleza lilivyomshinda. Wiki iliyopita niliingia na kiti changu, nikampigia vistari: "okay" mara 23. Tukanywa chai. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama na yeye anaweza kuja kukaa kwangu Alhamisi.

Alikuja na daftari. Baada ya kipindi akanipa karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, macho chini. "Alright", mara 31.