Mama anatumia aspirini na sertralini, damu inavilia chini ya ngozi yake: aache dawa?

Pole kwa kuuguza, dada. Asiache ghafla hata moja. Aspirini ya miligramu 75 inalinda moyo wake uliokwisha kupata shambulio, na sertralini, dawa yake ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), ikikatwa kwa mkupuo huleta kizunguzungu, kukosa usingizi, na sonona yenyewe kurudi.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hubeba karibu serotonini yote iliyomo kwenye damu, kemikali inayozisaidia kushikana. Haziitengenezi, huinyonya kutoka kwenye damu, kwa mlango uleule ambao sertralini huufunga kwenye ubongo. Dawa ikitumika kwa wiki kadhaa, akiba hiyo hupungua na chembe hushikana kwa ulegevu. Aspirini nayo huzilegeza kwa njia nyingine, ndiyo maana ngozi inavilia. Upande wa pili, kwa baadhi ya wenye sonona chembe hizi huwa nyepesi mno kushikana, jambo linalohusishwa na hatari ya moyo. Kwa hiyo kutibu sonona yake si anasa.

Kipimo cha picha kamili ya damu kinahesabu chembe tu, hakipimi utendaji wake. Majibu yakiwa mazuri, bado mwelezeni daktari. Anaweza kuongeza omeprazoli kulinda tumbo, au kubadili dawa ya sonona.

Diklofenaki na ibuprofeni asiguse kabisa. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Kabla ya kung'oa jino, ataje dawa zote. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kichwa kuuma vikali ghafla: hospitali saa hiyohiyo.