Mama Mkwe Anataka Kuiona Alhambra

SWALI: Dada wa Safari, assalamu aleikum. Wifi yangu anayefanya kazi Uingereza ametulipia nyumba Fuengirola, kusini mwa Uhispania, siku kumi za Agosti watoto wakifunga shule. Tutakuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 7 na 11, na mama mkwe kutoka Lamu. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Anasema bahari anayo kwao, haja yake ni kuiona Alhambra, lile kasri la zamani la Waislamu mjini Granada, kabla hajafa. Mume wangu ameandika orodha: Málaga, Granada, Ronda, Nerja, Mijas, halafu boti ya kwenda Tangier. Tutayaweza yote? Na chakula je, maana sisi ni Waislamu? – Mama Salma, South C

JIBU: Waaleikum salaam, Mama Salma. Ikate hiyo orodha nusu kabla hamjakata tiketi za ndege. Ukitoa siku ya kufika na ya kuondoka mnabaki na nane, na jua la kule mwezi wa Agosti, saa nane mchana, si la kutembea na mzee. Anzeni na Granada, tena leo, kwa ajili ya mama.

Nina sababu ya kukuhimiza. Nilimpeleka baba yangu mwaka 2018. Alikuwa amefundisha madrasa Mombasa karibu maisha yake yote. Tiketi ya Alhambra ina saa maalumu ya kuingia kwenye majumba ya Wanasri, watawala Waislamu wa zamani wa Granada, yaani kasri lenyewe, na yetu ilikuwa saa nne asubuhi. Basi letu kutoka Málaga lilichelewa, kwenye teksi kukawa na foleni, tukafika mlangoni dakika thelathini na tano baada ya wakati. Bawabu alikuwa mpole, lakini hakutupitisha, na tiketi za siku ile zilikuwa zimekwisha. Baba alizunguka bustani za Generalife, akachovya vidole kwenye maji ya mfereji, akaniambia, "Hapana neno, mwanangu." Alifariki mwaka uliofuata.

Nilirudi peke yangu baadaye. Kuta zimefunikwa plasta iliyochongwa, na maneno yale yale yamerudiwa mstari juu ya mstari: wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mungu. Herufi ni nyembamba, zimejipinda zikaingia katikati ya majani ya kuchonga, hata inabidi uzifuate kwa kidole hewani ndipo uzisome. Baba angezisoma zote. Mama mkwe wako atazisoma, na wewe utasimama kando yake umsikilize. Mwambie kabla ya safari kwamba ufalme wa Wanasri ulianza mwaka 1238, na mji wa Granada ulikabidhiwa kwa wafalme Wakristo tarehe 2 Januari 1492. Watoto wahesabu simba wa mawe wanaobeba beseni la chemchemi uani. Ni kumi na wawili.

Sasa namna ya kufanya. Nunua tiketi kwenye tovuti rasmi ya Alhambra mara tu mkipata tarehe. Za Agosti huisha mapema. Kila tiketi ina jina la mtu wake, kwa hiyo andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na siku yenyewe mbebe pasipoti zenyewe, za watoto pia. Kutoka Fuengirola ni treni ya C1 mpaka Málaga, kama dakika arobaini na tano, halafu basi la Granada, karibu saa mbili nyingine. Kwenda na kurudi siku moja kutamchosha mama. Laleni Granada usiku mmoja. Jioni muiangalie Alhambra mkiwa mtaa wa Albaicín, ambako kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2003, bustani yake ikitazamana na kasri ng'ambo ya bonde. Mtaa ni wa milima, msimpandishe kwa miguu. Mabasi madogo yanafika juu.

Tangier iache. Viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya ikiwemo Uhispania, mkipewa ya kuingia mara moja, mkivuka kwenda Moroko mmekwisha itumia, na kurudi Fuengirola kwenye mizigo yenu hakuna. Hesabu ya viza ni hii: euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, kwa hiyo nyinyi watano ni euro 360, mbali na ada ya wakala anayepokea fomu. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Pelekeni maombi mapema. Mlango hufunguliwa miezi sita kabla ya safari.

Málaga ni rahisi, treni ni ile ile, na inapita uwanja wa ndege, kwa hiyo hata siku ya kufika msilipe teksi. Mijas ni asubuhi moja tu: basi linapanda mlima kwa muda mfupi, nyumba nyeupe, na punda wa kubeba watalii. Mama wa Lamu atakuwa na la kusema juu ya matandiko yao. Mapango ya Nerja yana ngazi nyingi, magoti yake hayatayaweza. Ronda ningemwachia baba Salma na yule mkubwa. Daraja la pale, lililokamilika mwaka 1793, lina urefu wa mita 98 kutoka mtoni, karibu sawa na jengo letu la KICC Nairobi, nalo linavuka korongo katikati ya mji.

Siku hiyo wewe na mama bakini Fuengirola mwende ngome ya Sohail. Jina lake ni la nyota, Suheil, na mabaharia wa kwao upande wa kusini huuita suheli. Atalitambua kabla hujamweleza. Masikio yake yatanasa mengi: sukari ni azúcar, zeituni ni aceituna, na hasta yao ni hata yetu, zote mbili zimetoka Kiarabu.

Bahari iogeni, lakini maji ni baridi kuliko ya Diani na mchanga ni wa kijivu. Afadhali muwaambie watoto mapema.

Chakula kina mtego mmoja. Nguruwe hujificha mahali usipomtarajia: supu nzito ya nyanya iitwayo salmorejo huletwa na vipande vya jamón, nyama ya paja la nguruwe, juu yake. Sema "sin cerdo, sin jamón", yaani bila nguruwe, bila jamón, kila mnapoagiza, na kwa nyama tafuteni bucha lililoandikwa halal. Samaki ndio raha ya pale. Ufukweni utaona mashua kuukuu iliyojazwa mchanga, moto wa kuni unawaka juu yake, na sardini sita hivi wamechomwa kwenye kijiti kilichosimikwa upande wa upepo ili moshi usiwaguse. Huitwa espetos. Wana chumvi ya mawe tu, ngozi imebabuka, na huliwa kwa vidole. Muagizie mama vijiti viwili, kimoja hakitamtosha.