Si ubahili tu
Hapana kaka, hapo usimlaumu mtayarishaji. Umecheka kwamba kwenye ile komedi ya bajeti kiduchu walowezi wanalifuata gari lao la maksai kwa miguu hadi magharibi mwa Marekani. Ndivyo ilivyokuwa! Njia ya Oregon, ile waliyopita walowezi hao miaka ya 1840, ilikuwa kama kilomita 3,200 kutoka jimbo la Missouri, safari ya miezi minne hadi sita. Magari hayakuwa na springi na yalijaa unga na nyama ya chumvi, hivyo wengi walitembea. Maksai nao walikuwa wa bei rahisi kuliko farasi, na wanashiba majani ya njiani. Kilichonichosha mimi kwenye komedi hiyo ni watu kushambuliwa kwa mishale kila dakika kumi, wakati kipindupindu ndicho kilichoua wengi zaidi. Ila kumchekesha mtu kwa kuhara, sijui utaanzia wapi.