Kwa wanaoanza fiziolojia: isomeni seli ya neva kupitia sumu na maradhi yake

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa kwanza wa uuguzi, utabibu au udaktari, sura ya mfumo wa neva iko njiani. Itaanza na mchoro mmoja uliojaa mishale, kisha namba mfululizo. Wengi huukariri mchoro huo na mtihani wanafaulu, lakini wakifika wodini wakakuta mtu aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu, hawaoni unahusianaje naye. Nimekaa na wanafunzi wengi kwenye sura hii, na njia ninayoiamini ni moja: kila sehemu ya seli unayoisoma, uliza papo hapo ni kitu gani huiharibu, na mgonjwa wake utamtambuaje.

Sehemu zenyewe ni chache. Kuna mwili wa seli wenye kiini, kuna dendraiti zinazopokea taarifa, na kuna aksoni inayozipeleka mbele. Kwenye urefu wa aksoni usipite haraka. Seli inayokunja vidole vya mguu, mwili wake umo ndani ya uti wa mgongo, na aksoni yake inateremka karibu mita moja hadi kwenye misuli. Protini zinatengenezwa kule juu na kusafirishwa njia yote hiyo. Ndiyo maana mwenye kisukari hulalamikia ganzi ya miguu kabla ya ganzi ya mikono: neva ndefu ndizo hutangulia kuumia.

Sasa umeme, mahali wengi wanapokwama. Sahau waya wa nyumbani kabisa. Ndani ya waya umeme hupita kwa urefu. Kwenye aksoni, ayoni (chembe zenye chaji ya umeme, kama sodiamu na potasiamu) huvuka utando kwa pembeni, kipande kwa kipande, na kila kipande huamsha kinachofuata. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna takriban milivolti -70. Ikisisimuliwa hadi kama -55, milango ya sodiamu hufunguka kwa ghafla, sodiamu inaingia kwa kasi, na chaji inapanda hadi kama +30. Kisha milango hiyo hujifunga, potasiamu inatoka, na hali inarudi chini. Yote haya huchukua milisekunde moja au mbili.

Na pampu je, ile inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2? Hapa wanafunzi huchanganya sana. Pampu haipigi msukumo, yaani lile wimbi la umeme linalopita kwenye aksoni. Inatunza tu tofauti ya ayoni kati ya ndani na nje, na ukiizima, aksoni bado inaweza kupitisha misukumo mingi kabla ya kuchoka. Wanasayansi Hodgkin na Huxley, waliochapisha kazi yao mwaka 1952 na kupata Nobel mwaka 1963, waliyapima mambo haya kwenye aksoni ya ngisi, ambayo ni nene kiasi cha kuonekana kwa macho.

Ukishaielewa milango ya sodiamu, sindano ya ganzi ya daktari wa meno inajieleza yenyewe: lignokeini huiziba milango hiyo, taarifa ya maumivu ikakwama njiani. Bunju anayeua watu mwambao wetu naye ana sumu inayoziba milango ileile. Midomo huanza kufa ganzi, viungo vinalegea, mwisho misuli ya kupumua inasimama. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Kinachomwokoa mgonjwa ni kusaidiwa kupumua hadi imtoke.

Mayelini, ala ya mafuta inayoizunguka aksoni na kuharakisha msukumo, itakuja na namba za kasi. Zipime kwa mwili wako: ukijikwaa kidole, maumivu makali huja kwanza, yale ya kuvuta na kuunguza hufuata nyuma. Ya kwanza yamepita kwenye nyuzi zenye mayelini. Ya pili kwenye nyuzi zisizo nayo, zinazokwenda kama mita moja tu kwa sekunde. Nje ya ubongo na uti wa mgongo, mayelini hutengenezwa na seli za Schwann, na humo ndimo bakteria wa ukoma hujificha. Siku ukimpata mgonjwa wa ukoma, pitisha kidole nyuma ya kiwiko chake, upande wa ndani. Mara nyingi neva iliyovimba utaikuta hapo, nene na ngumu, na mkono wake huenda umejaa makovu ya moto ambao hakuuhisi.

Turudi kwa yule wa dawa ya wadudu. Mwisho wa aksoni hutoa asetilikolini, kemikali inayopeleka taarifa kwenye misuli na tezi, na kimeng'enya huivunja mara moja. Sumu za kundi la oganofosfati hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo asetilikolini inalundikana: mate, jasho, machozi, mboni zimesinyaa, mapafu yamejaa majimaji, misuli inachezacheza kisha inalegea. Atropini hukausha majimaji hayo lakini haiirudishii misuli nguvu, kwa sababu vipokezi vya misuli ni vya aina nyingine, si vile ambavyo atropini huviziba. Swali hili huulizwa sana kwenye mitihani ya mdomo.

Mfano wa pepopunda fanyeni wenyewe. Sumu yake huingia kwenye ncha za aksoni, hupanda kinyumenyume hadi uti wa mgongo, na huko huzuia kutolewa kwa glaisini, kemikali inayotuliza seli za neva zinazoamrisha misuli. Chora njia hiyo yote, kisha mweleze mwenzako kwa nini taya hukaza, na kwa nini mlango ukibamizwa mgonjwa hukakamaa mwili mzima.