Mwendo, ufunguo na hali ya muziki: tusemeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha kwaya hapa Masasi. Nimeandika maelezo mafupi ya rekodi ya *Company*, muziki alioutunga Philip Glass wa Marekani mwaka 1983 na kupigwa na kundi la Kronos Quartet. Niliandika hivi: "Wimbo huu una kasi ya 96, ufunguo wake ni A ndogo, na mudi yake ni huzuni." Mwenzangu kakataa maneno "wimbo", "kasi", "ndogo" na "mudi". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mwenzako yuko sahihi kwa sehemu kubwa.

Wimbo huimbwa, na humu haimbi mtu. Kuna fidla mbili, viola moja na selo moja, basi. Sema "muziki" au "utunzi". (Fidla ni neno la wazee wa taarabu, nalipenda kuliko vayolini.)

"Kasi" si kosa, ila masikioni mwetu imeelemea upande wa haraka. Ukiambiwa mtu anakuja kwa kasi, huulizi kasi gani. Mwendo haujaelemea popote: upo wa kinyonga na upo wa mbio. Halafu 96 ya nini? Taja mapigo, taja na dakika. Jana jioni nilikaa barazani kwangu Mikindani, saa mkononi, nikagonga meza kwa kidole: mapigo 96 kwa dakika ni mapigo manane kila sekunde tano. Sehemu ya pili na ya nne zina mapigo 160, yaani manane kila sekunde tatu. Kidole kilichoka mapema.

Kwa mwendo kama huo wa pili tunasema ngoma imechanganya. Na hapa nakuomba usikimbilie mbele, maana aliyewahi kusimama kando ya sindimba anajua kwamba kuchanganya si kukolea. Ngoma ikichanganya, mwendo umeongezeka. Ikikolea, mwendo unaweza kuwa uleule, ila sasa imewaingia watu mwilini, hata aliyekuja kuangalia tu bega linamcheza. Muziki wa Glass hujengwa kwa vipande vifupi vinavyorudiwa na kubadilika kidogo kidogo. Unakolea hata pale ambapo haujachanganya. Kitenzi hicho kimoja kitamweleza msomaji wako mengi kuliko namba zote mbili.

Ufunguo baki nao. "Ki", yaani key ya Kiingereza, iache mazoezini. Ila "A ndogo" itasomwa kama herufi a isiyo kubwa. Andika "A maina", wanavyosema wapiga gitaa. Kwa wanakwaya wako, waliozoea kuona "Doh ni G" kwenye kona ya karatasi, iko njia iliyo nyepesi zaidi: waambie Doh ni C, lakini muziki hautui kwenye noti ya doh, unatua kwenye noti ya la. Hata mwimbaji wa sauti ya pili aliyeanza juzi atakuelewa, na ataisikia kabla hujaipiga.

Mudi ni ya mtu, ndiyo maana kijana husema "leo sina mudi". Muziki una hali. Hisia ni zake anayesikiliza. Lakini kinachonisumbua zaidi ni hiyo huzuni. Ni neno pana mno. Yapo majonzi, ambayo ni ya msiba. Ipo simanzi, inayokaa moyoni hata baada ya wageni kuondoka matangani. Upo unyonge, upo upweke. Muziki huu ulitungwa kwa ajili ya maonyesho ya jukwaani yaliyotokana na kisa cha mwandishi Samuel Beckett, cha mtu aliyelala chali gizani akisikia sauti ikisema naye. Mtu huyo hayuko msibani; yuko peke yake. Chagua upweke, wala usiogope kuacha huzuni.

Mimi ningeandika hivi: "Muziki huu wa fidla mbili, viola na selo unaanza kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, katika ufunguo wa A maina. Vipande vyake vifupi vinarudiwa mpaka vinakolea. Sehemu ya pili inachanganya, mapigo yanafika 160, kisha mwendo wa kwanza unarudi katika sehemu ya tatu, na ya nne inachanganya tena. Hali yake ni ya upweke."